Siku nzima kwenye piramidi za Misri na fundi mwashi: anzeni Saqqara, msianzie Giza

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimesoma nyuzi za watu humu miaka mingi bila kuandika wangu, leo naandika. Mwishoni mwa Januari nilikuwa Misri, na siku moja nzima tuliitumia jangwani kwenye piramidi, mimi na wenzangu watatu. Nafundisha historia sekondari hapa Morogoro, huu ni mwaka wa kumi na nne. Kila mwaka nachora pembetatu ubaoni, naandika chini yake "piramidi", nasonga mbele. Sitafundisha hivyo tena.

Tulikuwa wanne. Ustadh ni mtu wa Unguja, anamalizia masomo Al-Azhar, ndiye alikuwa mdomo wetu wa Kiarabu. Daktari ni binti wa Likoni anayesomea udaktari huko huko Cairo. Yeye na Ustadh walijuana kwenye futari za wanafunzi wa Afrika Mashariki, ambao pale mjini ni wengi kuliko nilivyodhani. Wa nne ni Fundi, jirani yangu, mwashi aliyejenga nusu ya mtaa wetu. Tuliweka kibubu pamoja miaka miwili. Watu walimuuliza fundi wa tofali anafuata nini Misri. Mimi nawaambia bila yeye ningetazama mawe kutwa na kurudi na picha.

Karibu kila mgeni hupelekwa Giza asubuhi. Anaanza na kubwa kuliko zote, na baada ya hapo nyingine zote anaziona vichuguu. Fundi alikataa. Alisema nyumba haikaguliwi kuanzia bati. Basi tukafuata umri: Saqqara kwanza, halafu Dahshur, Giza tukaiacha mchana. Zote ziko upande mmoja, magharibi ya mto Nile, pale mashamba yanapokomea na jangwa kuanza. Saqqara ni kama kilomita 30 kutoka mjini, Dahshur iko mbele yake kidogo. Tulikodi gari la siku nzima, na bei ikigawanywa kwa wanne inabebeka.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na baridi ya Januari kule si mchezo, nilivaa masweta mawili. Njiani tulinunua taamiya za moto, ambazo ni kama bajia zetu za kunde ila kwa maharage mapana, tukala garini na mkate. Barabara inafuata mfereji, kushoto na kulia mitende na punda wamebebeshwa majani ya ng'ombe. Saa mbili mlango ulipofunguliwa tulikuwa wa kwanza.

Sasa Saqqara. Pale ndipo ilipo piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, ya karne ya 27 KK. Kabla yake wafalme walizikwa chini ya kitu kinachoitwa mastaba. Ni neno la Kiarabu, maana yake benchi la kukalia nje ya nyumba, na Ustadh akasema, "Wafundishe wanafunzi wako kuwa ni baraza." Kweli kabisa. Chukua baraza ya nyumba ya Mji Mkongwe, ikuze, ijenge kwa matofali ya udongo, chini yake chimba kaburi. Ndiyo mastaba. Msimamizi wa Djoser, Imhotep, alianza na baraza ya mawe. Akaipanua. Akapandisha nyingine juu yake, kisha nyingine, mpaka zikafika sita na kimo cha mita 60 hivi. Piramidi ya kwanza ni baraza sita zilizopandana.

Lakini Fundi hata hakuiangalia. Alikwama mlangoni, kwenye ukumbi wa nguzo unaoingiza uani, akakaa pale karibu nusu saa, sisi tunamsubiri. Nilipomfuata akaniambia, "Mwalimu, huyu mtu alikuwa na wasiwasi." Akanionyesha. Mawe ya ukuta ni madogo madogo, saizi ya kubebwa na mtu mmoja, yaani mtu aliyezoea tofali amepewa jiwe naye akalikata kama tofali. Nguzo zimechongwa kama matita ya matete yaliyofungwa pamoja, na hazikusimama peke yake: kila moja imeshikizwa na kipande cha ukuta kwa nyuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kujua kama nguzo ya mawe itabeba dari. Na dari yenyewe ni mawe yaliyochongwa mviringo kama magogo ya mitende. "Boriti," akasema Fundi, "amechonga boriti kwa jiwe. Mikono imeshahamia kwenye mawe, kichwa bado kiko kwenye tofali na miti."

Nimesoma vitabu juu ya Djoser. Sikuwahi kumwona mjenzi wake akiwa na wasiwasi mpaka siku ile.

Tulipita pia kaburi la mkubwa mmoja wa serikali wa nasaba ya 5, aliyeitwa Ti. Kuta zote zimechongwa maisha ya kila siku. Kuna wachungaji wanavusha ng'ombe majini, mmoja amembeba ndama mgongoni, na ndama amegeuza shingo anamtazama mama yake nyuma. Daktari alisimama hapo hadi macho yakalengwa machozi, akasema bibi yake alivusha mbuzi hivyo hivyo. Upande mwingine mafundi wanaunda mashua, wanachonga mbao kwa tezo. Tezo kama ya Bagamoyo. Ikumbukeni hiyo tezo, nitarudi kwake.

Piramidi ya Unas nayo iko hapo hapo, imeporomoka nje mpaka inafanana na kifusi, ndani kuta zimejaa maandishi ya maombi ya safari ya mfalme baada ya kufa, ya kale kuliko yote ya aina hiyo, na dari imejaa nyota. Tuliipitia haraka.

Naendelea na Dahshur jioni, mtandao huku unasumbua.

#2 Mdau wa Tegeta

Mwalimu, nimekaa siti ya mbele kabisa. Lete Dahshur. Na gharama usisahau.

#3 Mpenda Ukweli

Uzi mzuri, ila niweke neno. Watu wasio na chuma, wasio na winchi, wanainua mawe ya tani mbili mbili hadi kimo cha ghorofa arobaini? Binafsi sijaamini. Kuna nguvu nyingine ilihusika pale, tunafichwa.

#4 Binti Kisauni

Huyo Daktari amenigusa na habari ya ndama. Mwalimu, mwanamke akienda bila mwanamume anasumbuliwa?

#5 Mwalimu wa Zamu

Nimerudi.

Mdau wa Tegeta, bei zao hupanda kila baada ya muda, nikikutajia yangu nitakupotosha. La kushika: kila eneo lina tiketi yake, na kuingia ndani ya Piramidi Kuu ya Giza hukatwa tiketi nyingine juu ya ile ya mlangoni. Madirishani siku hizi wanataka kadi ya benki, si fedha mkononi, kwa hiyo usiende na noti peke yake. Mwanafunzi mwenye kitambulisho hulipa nusu. Ustadh na Daktari walipona hapo.

Binti Kisauni, nilimuuliza Daktari mwenyewe. Anasema Saqqara na Dahshur ameshakwenda na wasichana wenzake bila shida, wageni ni wachache na walinzi ni wapole. Giza wanaokusumbua ni wauzaji na wenye ngamia, na hao humsumbua kila mtu. Siku yetu mmoja alimvisha Daktari kilemba kichwani akisema ni zawadi, akampiga picha kwa simu ya Daktari mwenyewe, kisha akagoma kurudisha simu mpaka alipwe. Ustadh alizungumza naye kwa upole muda mrefu mpaka simu ikarudi. Nilikasirika sana. Usimpe mtu simu yako, na usipande ngamia kabla hujakubaliana bei ya kupanda na ya kushuka.

Mpenda Ukweli, ndugu yangu, wewe ndiye hasa nilitaka ufike Dahshur.

Dahshur tulifika saa tano. Magari matatu tu uwanjani, upepo, na piramidi mbili kubwa zinazotazamana jangwani. Zote za mfalme mmoja, Sneferu, baba yake Khufu mwenye Piramidi Kuu ya Giza. Ya kusini imepinda. Inapanda kwa mwinamo mkali wa kama digrii 54, ikifika katikati inavunjika bega na kumalizia kwa digrii 43.

Fundi alishuka garini, akaitazama, akasema neno moja: "Imetitia."

Hakuwa amesoma popote. Akatuzungusha. Alieleza kwamba ukijenga mzigo mzito juu ya udongo laini, ardhi inashuka, nyufa zinaanza ndani, na hapo fundi ana njia mbili: abomoe, au apunguze uzito wa juu. Huyu alipunguza uzito kwa kulaza mwinamo. Mimi niliyesoma nilijua kwamba wachimbaji wa mambo ya kale wanasema hivyo hivyo: sehemu ya msingi imekaa juu ya changarawe na udongo usio imara, nyufa zilitokea ndani, na chumba kimoja kimetiwa magogo ya mierezi kukishikilia. Magogo yale bado yako. Fundi aliposikia habari ya magogo akacheka kwa furaha, akasema, "Hata mimi ningetia nguzo za miti."

Baada ya hapo Sneferu hakukata tamaa. Akahamia kaskazini kidogo, akajenga nyingine, na safari hii akaanza na mwinamo ule wa kulala, digrii 43, tangu chini. Ndiyo Piramidi Nyekundu, zaidi ya mita 100 kwenda juu, na ndiyo ya kwanza kusimama ikiwa na pande zilizonyooka bila kasoro.

Mpenda Ukweli, hapa ndipo naomba uniskilize. Kama ni nguvu ya ajabu iliyojua kila kitu, kwa nini ilikosea msingi? Kwa nini ilitia magogo ya mierezi kama mtu anayeokoa nyumba inayopasuka? Kutoka Djoser mpaka Giza ni kama miaka mia moja, na ndani ya miaka hiyo unamwona mtu anajifunza: anaogopa, anathubutu, anakosea, anarekebisha, anapatia. Kwa hiyo nasema msianzie Giza. Ukianzia Giza unaona jibu tu, hesabu zake huzioni.

Tuliingia ndani ya Piramidi Nyekundu. Unapanda ngazi za nje hadi mlango ulioko mita 28 hivi juu ya ardhi, kisha unashuka kwa njia ya zaidi ya mita 60, dari chini kabisa, umejikunja, unatangulia kwa mgongo kama unashuka ngazi ya kuegemeza. Mwenye magoti mabovu au hofu ya sehemu finyu asijilazimishe. Chini hewa ina harufu kali ya amonia, inachoma pua. Halafu unainuka, unanyoosha mgongo, na juu yako kuna chumba kirefu kama minara miwili iliyoegemeana. Kila kozi ya mawe imesogezwa ndani kidogo kupita iliyo chini yake, pande zote mbili, mpaka juu kabisa, mita 12, zinakutana. Hakuna zege, hakuna nondo. Tulikuwa sisi wanne na mlinzi mmoja tu. Ustadh alisema "Subhanallah" kwa sauti ya kawaida na neno likazunguka pale juu.

Fundi alizima tochi yake. Akaomba na sisi tuzime. Tukakaa kimya na taa moja ya ukutani. Aliniambia baadaye alitaka kuona kilichokuwa kinaonekana na waliopanga yale mawe.

#6 Mpenda Ukweli

Mwalimu, hiyo ya magogo sikuwahi kuisikia. Nikiri. Lakini Giza? Ile ni habari nyingine. Na hao wajenzi si walikuwa watumwa, maana vitabu vyote tulivyosoma vimeandika hivyo?

#7 Msafiri wa Pemba

Assalaam alaykum wanajamvi. Nina swali kwa huyo Ustadh. Je, yafaa kwenda kutalii makaburi ya akina Firauni? Si tumekatazwa kuingia makazi ya waliojidhulumu?

#8 Mwalimu wa Zamu

Wa alaykumus salaam ndugu yangu wa Pemba. Nimempigia Ustadh usiku huu na ananiruhusu kunukuu maana ya maneno yake. Anasema Hadithi unayoikusudia ni ya Mtume (S.A.W.) alipopita al-Hijr, nchi ya Thamud, akawaambia maswahaba wasiingie kwa watu wale isipokuwa wanalia. Wanazuoni wana maelezo yao kama yanahusu mahali palipoangamizwa tu au pengine pia, na kila mtu afuate mwalimu wake. Yeye huingia kwa kuzingatia, wala hachezi mle. Anaongeza kwamba Amr ibn al-As na jeshi lake waliingia Misri karne ile ile ya saba na piramidi zikaachwa zilivyo.

Halafu kuna jambo la kihistoria ambalo wanafunzi wangu huchanganya kila mwaka. Wanahistoria wengi wanaomtafuta Firauni wa Nabii Musa humtafuta karibu karne ya 13 KK. Khufu wa Piramidi Kuu ni wa karne ya 26 KK. Kati yao kuna zaidi ya miaka elfu moja. Wafalme wa piramidi walikuwa historia ya kale hata kwa yule Firauni.

Sasa Giza, na jibu la watumwa.

Tulifika saa nane na nusu. Siku hizi wageni huingilia mlango mpya wa barabara ya Fayoum, na ndani kuna mabasi ya umeme yanayokusogeza kituo hadi kituo. Wenye farasi na ngamia wametengewa sehemu yao. Watu walikuwa wengi kama Kariakoo mkesha wa Idi, na baada ya ukimya wa Dahshur masikio yaliuma.

Takwimu mnazijua. Mita 146 ilipokamilika, sasa kama 138 kwa sababu mawe ya juu na ya nje yaliondolewa. Mawe yanakadiriwa milioni 2.3. Kwa zaidi ya miaka 3,800 hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Lakini Fundi hakuguswa na kimo. Nilimsomea kwamba kila upande wa chini una urefu wa mita 230, na kwamba kutoka kona hadi kona usawa wa msingi unatofautiana kwa takribani sentimita 2. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa chini juu ya jiwe, akashika kichwa. Alisema amejenga vyumba vitatu vya darasa kwa pima maji ya dukani na kona mbili zikapishana zaidi ya hapo. Hakusema kwa utani. Alikaa dakika kumi hivi anatazama mstari wa mawe ya chini, na nadhani ndani ya dakika zile alikuwa na wenzake wa kazi.

Wenzake hao, Mpenda Ukweli, hawakuwa watumwa wa minyororo. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye kipande cha ukuta wa tofali za udongo kusini mwa Sfinksi, ile sanamu kubwa ya simba mwenye kichwa cha mtu, na ukuta ule ukawa mlango wa kugundua makaburi ya wajenzi. Yako juu kidogo ya kilima, karibu na kaburi la mfalme. Mtumwa asiyehesabiwa hazikwi hapo. Karibu nayo wachimbaji walifukua mji waliokaa: majiko ya mikate, maghala, na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Watu walikuwa wakila nyama. Walikuja kwa zamu kutoka vijijini, na makadirio ya siku hizi ni watu elfu ishirini hadi thelathini, si laki moja alizoandika Mgiriki wa kale Herodotus.

Daktari alituongezea la kwake. Katika mifupa ya makaburi yale kuna mikono iliyovunjika ikaunga vizuri, imenyooka, maana yake kuna mtu aliiweka sawa na kuifunga gango. Kuna aliyekatwa mguu akaishi miaka baadaye. "Mwalimu," aliniambia, "mtu akikatwa mguu akaishi, kuna watu waliomlisha." Alilisema hilo tukiwa tunatazama Sfinksi, na mimi nikasahau Sfinksi.

Vikosi vya kazi vilikuwa na majina yao. Juu ya chumba cha mfalme, ndani ya Piramidi Kuu, kuna vijichumba ambavyo havikukusudiwa kuonwa na mtu, na humo wamekuta rangi nyekundu iliyoandikwa na wabeba mawe: kikosi kiitwacho Marafiki wa Khufu. Kingine, cha Menkaure, mfalme wa piramidi ya tatu ya Giza, kilijiita Walevi wa Menkaure. Ni majina ambayo hata leo kijiwe chochote cha mafundi kingejipa.

Na mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilikuta mafunjo, yaani karatasi za matete, ya kale kuliko yote yenye maandishi yaliyowahi kupatikana. Mojawapo ni daftari la kazi la nahodha aitwaye Merer. Anaandika siku kwa siku: leo tumelala Tura tunapakia mawe, kesho tumesafiri kwenda kwenye piramidi ya Khufu, watu wapatao arobaini chini yake. Jina, kazi, tarehe. Ni mtu aliyebeba yale mawe meupe ya nje, na maandishi ya siku zake bado yapo.

Ndani ya Piramidi Kuu niliingia mimi na Fundi tu. Ule ukumbi wa kupanda, zaidi ya mita 8 kwenda juu, umejengwa kwa mtindo ule ule wa kozi kusogea ndani tuliouona Dahshur. Fundi aliutambua mara moja. "Ni mwanawe yule," alisema, na kwa kweli alikuwa mwanawe. Chumba cha juu ni cha itale ya Aswan, iliyosafirishwa mtoni zaidi ya kilomita 800. Ndani kuna sanduku la jiwe lisilo na kifuniko, hakuna kitu kingine.

#9 Mdau wa Tegeta

Mwalimu, hapo kwa daftari la nahodha nimesisimka. Na pua ya Sfinksi ni kweli waliipiga mzinga askari wa Napoleon?

#10 Mwalimu wa Zamu

Si kweli. Kuna mchoro wa mwaka 1737 wa Frederik Norden unaoonyesha pua haipo, na Napoleon alikuwa bado hajazaliwa. Mwanahistoria al-Maqrizi wa Cairo aliandika kwamba iliharibiwa mwaka 1378 na mtu aliyechukizwa kuona wakulima wanaipelekea sadaka.

#11 Binti Kisauni

Na tezo? Ulisema utairudia.

#12 Mwalimu wa Zamu

Asante kwa kunikumbusha, dada. Tezo ile ya kaburi la Ti ilikuwa ya waunda mashua, na mashua ya kweli ya zama zile tuliiona kwa macho.

Kesho yake tulikwenda Makumbusho Makuu ya Misri, yale yaliyozinduliwa rasmi Novemba 2025, karibu na piramidi zenyewe. Wengi wanakimbilia hazina za mfalme Tutankhamun. Sisi tulikwenda kwanza kwenye mashua ya Khufu. Ilifukuliwa mwaka 1954 kando ya Piramidi Kuu ikiwa vipande 1,224, na iliwachukua miaka mingi kuipanga upya. Urefu wake ni mita 43, mbao za mwerezi wa Lebanon. Hadi mwaka 2021 ilikaa pale pale Giza.

Nilikuwa nasoma maelezo ukutani nikamsikia Daktari anaita kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, watu wakageuka: "Imeshonwa! Njooni, imeshonwa!" Mbao hazikupigiliwa misumari. Zimetobolewa kwa ndani na kushonwa kwa kamba, ubao kwa ubao. Babu yake alimsimulia utotoni kwamba zamani pwani yetu kulikuwa na vyombo vilivyoshonwa hivyo, vinaitwa mitepe. Mimi mwalimu wa historia nilikuwa naujua mtepe kwa jina, kama neno la kujibia mtihani.

Simaanishi kwamba Wamisri walitufundisha au sisi tuliwafundisha. Ushonaji wa vyombo umekuwepo pande nyingi za bahari hii. Nasema tu kwamba tulisimama mbele ya chombo cha miaka 4,500, na msichana wa Likoni akajua kimetengenezwa vipi kabla ya kusoma kibao.

#13 Matondoni

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mtu mzima, niko Lamu, mjukuu wangu ndiye anisomeaye huu uzi.

Mwalimu, umenifurahisha. Sisi hapa Matondoni twaunda majahazi na mashua, lakini ni ya misumari na kalafati. Mtepe ulikwisha kabla sijazaliwa. Baba yangu aliuona akiwa mtoto. Alinieleza kwamba mbao zilishonwa kwa kamba ya usumba wa nazi, tundu kwa tundu, na tanga lake lilikuwa mkeka wa kusuka, la mraba. Alisema uzuri wake ni kuwa ukigonga mwamba haupasuki, unalegea kisha unarudi. Chombo cha msumari kikigonga hupasuka.

Huko Misri, hizo kamba zapita ndani ya ubao au zatokeza nje?

#14 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Ninaona fahari umetuandikia.

Nimemwuliza Fundi, maana alizunguka ile mashua mara tatu. Anasema tundu limechongwa kwa pembe, linaingia upande wa ndani na kutokea ubavuni mwa ubao, kwa hiyo kwa nje huoni kamba hata moja. Kamba zinakatiza kwa ndani kutoka ukingo hadi ukingo, na juu ya maungio wamelaza fito ndefu, kamba ikapita juu yake kuzibana. Mbao zikilowa zinavimba, kamba nayo inakaza.

Ameuliza nikuulize na yeye: mtepe uliojengwa kwa maonyesho Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, kabla sehemu ya jengo haijaanguka Desemba 2020, Fundi aliwahi kuuona akiwa kibarua Unguja, na kwa kumbukumbu yake kamba zilionekana nje. Je, ndivyo baba yako alivyosema?

#15 Matondoni

Marahaba mwanangu. Ndivyo. Kwa nje zilionekana kidogo, kisha tundu likazibwa kwa kigingi cha mti na kamba ya nje ikakatwa, ikabaki ya ndani. Mwambie Fundi akija Lamu aulize Matondoni, kwa wachongaji, nitamshikisha tezo.

#16 Mwalimu wa Zamu

Nimemsomea. Ameuliza nauli ya basi hadi Mokowe ni kiasi gani.